Je, Wajua? Maajabu ya Djembe, Ngoma ya Mikono Mitupu

Umeiona mara nyingi: ngoma pana juu, nyembamba chini, imezungushiwa kamba, mpigaji kaibana katikati ya mapaja. Hiyo ndiyo djembe. Kwao ni Afrika Magharibi, kwa Wamandinka na jamaa zao wa Guinea, Mali, Burkina Faso, Côte d'Ivoire na Senegal. Wengi wetu tunaijua kwa sura na kelele zake tu. Karibu, msomaji, tuifungue kipande kwa kipande, maana kila sehemu yake ina jambo la kukuacha mdomo wazi.

Sauti tatu, fimbo hakuna

Djembe moja hutoa sauti tatu zisizofanana hata kidogo, na zote zinatoka kwenye viganja viwili vitupu. Kiganja kikitua katikati ya ngozi kikaruka, inalia besi, nzito ya kutikisa kifua. Vidole vikibanwa pamoja na kutua karibu na ukingo, inatoka toni, iliyojaa na tulivu. Vidole hivyo hivyo vikilegezwa kidogo na kuchapa pale pale ukingoni, linatoka kofi: kali, kavu, la kupasua makelele ya umati. Kwa anayeanza, toni na kofi hutoka zikifanana, na kuzitenganisha ni kazi ya miaka.

Kaza ngozi utakavyo, besi haipandi

Fundi akiikaza ngozi, toni na kofi hupanda juu, lakini besi inabaki pale pale ilipokuwa. Sababu ni kwamba besi inategemea hewa iliyomo tumboni mwa ngoma, inayosukumwa na kurudi kupitia shingo yake, kama sauti nzito inayotoka ukipuliza mdomoni mwa chupa tupu. Kwa kawaida besi hiyo hutetema mara 65 hadi 80 kwa sekunde, ilhali kofi hufika mara 700 hadi 1,000. Kwa hiyo besi ya djembe huamuliwa siku gogo linapochongwa, na hakuna kamba itakayoirekebisha baadaye.

Gogo moja, kiungo hakuna

Djembe ya asili haiungwi kwa vipande vya mbao. Huchongwa kutoka gogo moja zima. Kimo chake kwa kawaida ni sentimita 58 hadi 63, uso wake una upana wa sentimita 30 hadi 38, na uzito wake ni kati ya kilo 5 na 13. Mchongaji hulipunguza gogo kwa shoka, akalitoboa kutoka juu mpaka chini, kisha akalisawazisha kwa tezo. Ukiinamisha djembe na kuchungulia ndani, mara nyingi utaziona alama za tezo, safu kwa safu, hazikulainishwa. Hakuna gundi, hakuna kiungo cha kuachia. Ngoma nzima inatetema kama kitu kimoja.

Anayefua shoka ndiye anayechonga ngoma

Kwa desturi, wachongaji wa djembe ni numu, koo za wahunzi katika jamii za Kimande, yaani Wamandinka na jamaa zao. Mtu yule yule anayefua shoka na tezo kwenye moto ndiye anayezitumia porini kuangusha mti na kuchonga ngoma, na wanawake wa koo hizo ndio wafinyanzi wa vyungu. Watafiti huhusisha kuenea kwa djembe katika Afrika Magharibi na kuhamahama kwa wahunzi hao. Chuma, udongo na mti vilikuwa chini ya ukoo mmoja, na ngoma ikasafiri pamoja nao.

Miti yake ina ndugu Afrika Mashariki

Mti wa lingue, unaopendwa sana na wachongaji wa Mali na Guinea, ni wa jenasi moja na mkongo wetu, ambao Kenya huitwa mbambakofi, mti uliotumika kutengeneza milango ya nakshi ya Zanzibar. Gueni ni wa jenasi moja na mninga, jala ni ndugu wa mkangazi, na iroko ndio huo huo mvule. Yote ni miti mizito na migumu, na ugumu huo ndio unaoirudisha sauti nje kwa nguvu. Lakini inakua polepole: Novemba 2022 huko Panama, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, uliziingiza jenasi za lingue, jala na gueni za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake inadhibitiwa.

Tazama vizuri, utauona uti wa mgongo wa mbuzi

Uso wa djembe ni ngozi ya mbuzi, na katikati yake mara nyingi kuna mstari uliokolea rangi: hapo ndipo ulipopita uti wa mgongo. Fundi hodari huuweka mstari huo katikati kabisa ili pande mbili zilingane unene, kisha mpigaji huketi nao ukimwelekea, kila mkono ukapata nusu yake. Manyoya hunyolewa kwa wembe baada ya ngozi kuwambwa na kukauka. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba kuliko ya ng'ombe, na wembamba huo ndio unaolipa kofi ukali wake.

Mwamba djembe havutii upande wake

Methali yasema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, lakini anayewamba djembe hana ruhusa hiyo. Djembe ya siku hizi ina pete tatu za chuma: mbili juu zinaibana ngozi, moja iko shingoni, na kamba inapanda na kushuka kati yake ikizunguka ngoma nzima. Ngozi ikishakauka, fundi hupitisha kamba chini ya nyuzi mbili za wima, huirudisha juu ya moja, halafu huivuta kwa nguvu zake zote mpaka nyuzi zikingamane. Safu ya mafundo inayopendeza macho kiunoni mwa djembe si pambo. Ndiyo inayoshikilia sauti, na mvuto ukizidi upande mmoja, ngoma inalia kombo.

Kamba mpya ilibadilisha mlio wenyewe

Mlio mkali wa djembe tunaousikia leo umetokana kwa sehemu kubwa na kitu cha kiwandani: kamba za nyuzi za kisasa zisizonyumbuka, za jamii moja na zile za wapanda milima na mabaharia. Zamani ngozi ilifungwa kwa kamba za ngozi zilizosokotwa, ambazo hulegea upesi. Unyevu ukizidi, sauti ilishuka, na wapigaji walilazimika kuipasha ngoma motoni kabla ya kuendelea, jambo ambalo wapiga ngoma wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri. Pete za chuma na kamba ngumu zikampa mpigaji uwezo wa kukaza ngozi kupita kiasi cha mababu zake, na kuibakiza ilivyokazwa usiku kucha.

Vibati vinavyoimba pembeni

Djembe nyingi za shughuli hupachikwa pembeni vibati vyembamba vya chuma, viwili au vitatu, vilivyotobolewa ukingoni na kuvishwa vipete vidogo. Kila pigo likitua, vipete vinatetema na kutoa mlio wa kuwakawaka juu ya sauti ya ngozi. Ndiyo maana mpigaji mmoja uwanjani husikika kana kwamba ana msaidizi asiyeonekana.

Hadithi ya kinu kilichotoboka

Katika simulizi mojawapo wanayoipenda wapigaji, djembe ya kwanza ilikuwa kinu. Mwanamke alitwanga kwa nguvu mpaka mchi ukatoboa kitako, kisha kinu kile kikafunikwa kwa ngozi ya mbuzi, na sauti ikazaliwa. Iwe ilitokea au ni ngano, simulizi hiyo inaiweka asili ya ngoma uani, mahali pa kazi ya mwanamke, ingawa baadaye wapigaji wake walikuwa wanaume kwa karne nyingi.

Kora ina ukoo wake, djembe haina

Katika nchi za Kimande, vyombo kama kora kwa desturi ni vya koo za jeli, watunza historia na waimba sifa wa kuzaliwa. Djembe haifungwi na kizuizi hicho: yeyote mwenye mikono, masikio na subira anaweza kuwa mpigaji. Linganisha na balafoni moja maarufu, Sosso-Bala ya kijiji cha Niagassola, Guinea, ambayo hutunzwa na ukoo wa Kouyaté na ambayo UNESCO imeitambua kuwa urithi wa dunia usioshikika. Balafoni hiyo ina mlezi wa kurithi. Djembe inamngoja atakayeiweza.

Haikuumbwa kuwa peke yake

Nyuma ya djembe kuna ngoma nyingine tatu zinazobeba wimbo wenyewe: kenkeni ndogo, sangban ya kati na dununba kubwa. Kwa pamoja huitwa dunun. Zimewambwa ngozi ya ng'ombe, hupigwa kwa fimbo, na katika eneo la Hamana nchini Guinea kila moja hufungiwa kengele inayogongwa kwa mkono wa pili. Ukisikia djembe bila dunun, umesikia nusu ya mazungumzo. Wajuzi hutambua mdundo unaopigwa kwa kusikiliza dunun kwanza, hasa sangban.

Kiongozi hasemi neno, na macho yake yako miguuni

Kundi la djembe huanza, hubadilika na kusimama bila mtu kutamka neno. Djembe kiongozi hupiga fungu fupi la mapigo linalojulikana na wote, na hapo hapo wenzake wanaingia au wanakata, pamoja. Wakati mwingi macho ya kiongozi yako kwenye miguu ya mchezaji: mguu ukiruka, kofi linaukuta ardhini. Mchezo huanza taratibu, ukachanganya, ukaisha kwa mbio, na mchezaji na mpigaji humalizana nguvu mpaka mmoja atoke uwanjani.

Kuna mdundo wa jembe la mkulima na mdundo wa jando

Kwa Wamandinka, mdundo haupigwi ovyo; kila mmoja una shughuli yake. Kassa hupigwa shambani, wakulima wakiwa wamejipanga mstari mmoja na wapigaji wakiwafuata nyuma. Soli ni ya jando. Kuku, kutoka eneo la misitu la Guinea, ulichezwa na wanawake waliporudi kuvua samaki. Mgeni aliyepotea njia akisikia ngoma kwa mbali, na akiijua, angetambua kijiji kinafanya nini kabla hajakiona.

Dansi ya wenye nguvu

Familia ya midundo iitwayo dununba, jina lile lile la ngoma kubwa, fahari ya Hamana, hujulikana kuwa dansi ya wanaume wenye nguvu, na zamani haikuwa mchezo wa kutazama tu. Vijana wa rika moja waliingia uwanjani na shoka za mapambo na viboko vya ngozi ya kiboko, na rika la chini lililotaka nafasi lilipaswa kuonyesha kwamba linahimili maumivu. Leo dununba huchezwa kwa furaha, lakini mwendo wake mzito wa kifua mbele bado unabeba ule ushindani wa marika.

Msafiri aliyeona Kilwa aliona pia ngoma za Mali

Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia katika himaya ya Mali mwaka 1352. Katika baraza la mfalme, Mansa Suleyman, alishuhudia ngoma na baragumu, na akaandika juu ya chombo cha vipande vilivyopangwa juu ya vibuyu vidogo, jamii ya marimba, kikipigwa na mkalimani wa mfalme, Dugha. Msafiri mmoja ametuachia ushahidi wa pwani yetu na wa muziki wa Kimande. Historia ya djembe yenyewe imetunzwa zaidi kwa mikono na simulizi kuliko kwa wino.

Ilianza kuzunguka dunia mwaka 1952

Kabla ya miaka ya 1950, djembe haikujulikana sana nje ya maeneo yake ya asili. Mwaka 1952 huko Paris, Fodéba Keïta, mwandishi kutoka Siguiri nchini Guinea, alianzisha kundi la Les Ballets Africains, na mwaka 1959 kundi hilo lilikuwa jukwaani New York. Guinea ilipopata uhuru tarehe 2 Oktoba 1958, serikali ya Sékou Touré ililifanya kuwa kundi la taifa. Duara la kijijini likageuzwa mstari unaotazama watazamaji, na ngoma ya kukesha ikafupishwa kuwa dakika chache. Ngoma ivumayo haidumu, wahenga walisema, lakini hii imevuma tangu wakati huo na bado haijapasuka.

Mtoto wa kijijini aliyekuwa mwalimu wa dunia

Mamady Keïta alizaliwa mwaka 1950 kijijini Balandougou, Guinea, akaanza kufundishwa djembe akiwa na miaka 7 na mwalimu Karinkadjan Kondé. Mwaka 1964, akiwa na miaka 14, alichukuliwa na kundi la taifa la Ballet Djoliba. Mwaka 1991 alifungua shule yake, Tam Tam Mandingue, mjini Brussels, na mwaka huo huo ikatoka filamu ya Djembefola inayomwonyesha akirudi kijijini kwao baada ya miaka mingi. Alifariki Juni 2021, akiwa ameacha wanafunzi katika mabara kadhaa wanaoijua midundo yake pamoja na shughuli iliyoizaa.

Mpiga ngoma akawa profesa

Famoudou Konaté, aliyezaliwa mwaka 1940 Sangbarala, katika eneo la Hamana, alikuwa mpigaji kiongozi wa Les Ballets Africains tangu mwaka 1959. Mwaka 1996 chuo kikuu cha sanaa cha Berlin kilimpa heshima ya uprofesa. Elimu aliyoipata uwanjani kijijini ikahesabiwa sawa na ile ya vitabuni, na ndivyo ilivyostahili.

Jumapili ya Bamako ni ya harusi

Ukitaka kuisikia djembe ikiwa kazini na si jukwaani, siku ni Jumapili na mji ni Bamako. Mtaa hufungwa kwa turubai na viti, wanawake wenye shughuli wakaunda duara, na mmoja mmoja wakaingia kucheza mbele ya wapigaji. Mcheza kwao hutunzwa, na wapigaji nao hutunzwa kwa noti mchana kutwa. Desturi hiyo ilifahamika dunia nzima kupitia wanamuziki Amadou na Mariam, kwa albamu yao Dimanche à Bamako ya mwaka 2004.

Mapigo yasiyolingana, lakini hayakosei

Katika midundo mingi ya Mali, vipande vya pigo moja havilingani: kimoja kifupi, kingine kirefu kidogo, na mpangilio huo unarudiwa bila kuyumba. Mtafiti Rainer Polak, ambaye pia amefanya kazi ya kupiga djembe Bamako, ameupima mpangilio huo kwa rekodi na kuonyesha pamoja na wenzake kwamba wapigaji hubaki pamoja kwa usahihi ule ule kama wanaogawa pigo sawasawa. Mguu unaotikisika wenyewe ukisikia djembe unajibu hesabu nzuri iliyofichwa ndani ya mdundo.

Kibuyu juu ya maji, na wanawake mbele ya djembe

Wanawake wa Mali na Guinea wana ngoma yao ya maji: nusu kibuyu iliyofunikwa juu ya maji ndani ya chombo kipana, ikigongwa na kutoa besi laini ya kushangaza. Djembe yenyewe kwa desturi ilibaki mikononi mwa wanaume, mpaka makundi kama Nimbaya, la wanawake wa Guinea, yalipoipandisha jukwaani kimataifa. Leo katika madarasa ya djembe duniani wanawake wamejaa, na kofi lao linapasua vilevile.

Huenda ya dukani imetoka Java

Mji wa Blitar, mashariki mwa kisiwa cha Java nchini Indonesia, hutengeneza djembe kwa wingi na kuziuza nje, nyingi za mbao za mahogani zilizozungushwa kwenye mashine. Ni nyepesi na nafuu, na zimewafungulia mlango wanafunzi wengi. Ila anayetafuta mlio wa nchi za Kimande na ajue tofauti: aichungulie ndani kuona alama za tezo, aupime uzito, akague kama ngozi imevutwa sawa pande zote.

Neno kwako, msomaji

Siku utakapoisikia djembe, usiishie kwenye kelele. Tafuta sauti tatu, tafuta dunun inayobeba wimbo, tazama macho ya mpigaji yalipo. Na ukitaka kujifunza, usinunue ngoma ukajifungia chumbani. Tafuta mwalimu, tafuta wenzako watatu, pigeni pamoja. Hiyo ndiyo djembe.